Sahani Iliyompita Providence

Katika kanisa letu la Beni kuna sheria ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Mtu akiiacha sahani ya Meza ya Bwana impite bila kuchukua mkate, huyo ana dhambi aliyoificha. Hupewa siku saba aiseme kwa wazee. Siku ya nane husimamishwa mbele ya kanisa lote, na akitoka hapo huketi kwenye benchi la mlangoni mpaka arudishwe.

Mimi, Kasonia, mkurugenzi mstaafu wa shule ya misheni na mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na mmoja, ndiye niliyelitunza daftari la sheria hiyo. Sikumbuki kumhurumia mtu yeyote niliyemwandika humo.

Waliosoma sehemu ya kwanza ya habari hii juma lililopita wanajua jinsi kitindamimba wangu, Providence, mwenye miaka kumi na sita, alivyoacha kuoga, akaacha kulala, akaanza kusemezana na ukuta wa chumba chake. Wanajua pia kwamba niliiandikia shule yake barua tatu za kumwombea ruhusa, na katika zote tatu niliandika neno moja: malaria.

Hakuwa na malaria. Hakuwa hata na homa. Nilikuwa na aibu, basi.

Sasa nieleze jinsi aibu hiyo ilivyomfikisha binti yangu karibu na kifo.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, mwezi wa sita. Mimi ndiye niliyebeba sahani upande wa wanakwaya. Nilipomfikia Providence, aliificha mikono yake chini ya mapaja.

"Chukua," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Hapana, Papa."

"Providence, watu wanatazama. Chukua."

"Nikikula, batu batakufa."

Nilisikia maneno hayo, kwamba akila watu watakufa. Naapa niliyasikia. Lakini sikuyafikiri hata kidogo. Nilifikiri macho ya watu yaliyokuwa mgongoni mwangu. Nilisimama pale na sahani mpaka ubeti mzima wa wimbo ukaisha. Kisha nikasogea kwa msichana aliyefuata.

Mchungaji Ésaïe aliona. Kanisa lote liliona.

Nyumbani mke wangu, Anne-Marie, alinifuata mpaka chumbani.

"Mwalimu," akasema, maana hata yeye huniita hivyo, "mutoto iko mugonjwa. Hapana kumutesa."

"Ana homa?"

"Homa hapana."

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Basi mgonjwa wa nini?"

"Mi sijue jina yake. Lakini ule si Providence tulizala. Unamuangaliaka kweli, ao unaangaliaka tu kama ameoga?"

Nilimwambia anyamaze. Nikachukua daftari na kalamu, nikaketi mbele ya binti yangu jioni sita mfululizo, kama nilivyokuwa nikiketi mbele ya wanafunzi walioiba chaki. Ni mvulana? Alinyamaza. Umeiba? Alinyamaza. Umemtukana mtu? Aliutazama ukuta, akatikisa kichwa, lakini si kwangu. Alikuwa akimjibu mtu mwingine.

Jioni ya saba alisema, "Nimekosa, Papa. Nitasema mbele ya batu."

Sikumwuliza amekosa nini. Nilifurahi. Ndiyo, niandike hivyo hivyo: nilifurahi. Nilikwenda kwa Mchungaji Ésaïe nikamwambia binti yangu yu tayari, na kwamba nyumba ya mzee wa kanisa haitaomba upendeleo.

Jumapili akasimama pale, kati ya benchi la kwanza na mimbari, amevaa gauni lake la kwaya ambalo mama yake alilazimika kumvisha. Kanisa lilijaa. Kati yetu walikuwamo watu wengi waliokimbia mashamba yao kwa sababu ya wauaji wa porini; waliketi pamoja upande wa kuume.

"Sema, mtoto wetu," Mchungaji akamwambia.

Providence aliinua uso.

"Ni mimi nilibaita," akasema. "Bale benye kuuaka batu ku mashamba. Banasikiaka sauti yangu, banakuya."

Alikuwa akisema kwamba ndiye aliyewaita wauaji wa porini. Halafu mtu mmoja akasimama upande wa kuume. Alikuwa Sadrack, mkulima ambaye mkewe aliuawa siku wauaji walipovamia mashamba ya kakao, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Alisema nini? Arudilie!" Akamwelekezea kidole. "Wee mutoto, siku gani ulibaita?"

"Siku yote. Hata ile siku ya kakao."

"Ile siku ya kakao njo bibi yangu Gracieuse alikufa! Tarehe tisa, mwezi wa pili! Ni wee ulibaonyesha njia?"

"Ni mimi," binti yangu akasema. "Munisamehe."

Benchi zikaanguka. Vijana walikuja mbele. Mmoja alikuwa ameinua simu yake na kuchukua video tangu mwanzo. Mwingine akapaza sauti, "Mumutoe inje! Amejisema mwenyewe!" Katika Beni yetu ya leo, anayesikia maneno hayo anajua kwamba kinachofuata nje ni mawe na moto.

Ndipo nikaona kitenge cha bluu kikipita katikati ya watu kutoka mlangoni.

Alikuwa Mama Jephté. Niwaeleze huyu ni nani. Miaka minane iliyopita, mwanawe Jephté alivua nguo zote uani wakati wa ibada, akipiga kelele kwamba zinamwunguza. Wazee tuliamuru siku tatu za kufunga na kuomba. Siku ya pili, mama yake alimpandisha kwenye pikipiki, akampeleka Butembo kwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Niliandika katika daftari: "Ameyaasi maombi ya wazee." Tukamtaka aombe msamaha, akakataa. Tangu siku hiyo aliketi kwenye benchi la mlangoni, kila Jumapili, mvua na jua. Jephté leo anajaza karatasi za forodha za malori kule Kasindi, ana mke na mapacha. Na mimi sikuwahi kulifuta jina la mama yake.

"Munipishe!" alikuwa akisema. "Huyu mutoto iko mugonjwa. Hamuone macho yake?"

"Wee wa benchi," mwanamke mmoja akamrushia, "nani amekuita?"

"Miaka munane ninaonaka migongo yenu. Leo muone wangu."

Akamgeuzia mgongo, akamfunika Providence kichwa na mabega kwa kitenge chake, akamshika kiunoni, akamwingiza katika chumba cha Mchungaji kilicho nyuma ya mimbari. Anne-Marie aliwafuata mbio. Mchungaji Ésaïe alisimama mlangoni pa chumba hicho akafungua mikono, na vijana hawakuthubutu kumsukuma.

Nanyi mtauliza: baba yake alikuwa wapi?

Nilikuwa nimesimama mahali pangu, nimeshika kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nikitafuta ukurasa.

Kabla ya saa nane mchana Providence, mama yake na Mama Jephté walikuwa wamekwisha kutoka Beni kwenda Butembo. Jirani yetu Jumaine, Mwislamu anayesafirisha bidhaa, aliwapakia katika gari lake dogo kati ya magunia ya unga. Hakuniuliza neno. Aliniambia tu, "Mzee, wee bakia. Ukikuwa ndani ya gari, batu ba bariere ku njia batauliza mingi."

Mbele ya lango langu walikuwapo watu. Hawakupiga mawe. Walisimama tu, wakisikiliza sauti ya binti yangu katika simu zao, tena na tena: ni mimi nilibaita, ni mimi nilibaita.

Jumatatu nilifika Butembo. Kituo cha magonjwa ya akili kiko upande wa Rughenda, karibu na uwanja wa ndege. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, aliyenisalimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hunijue? Ni mimi Henri, benchi ya tatu, darasa la sita. Ulinichapa juu ya mwandiko."

"Umeubadili?"

"Hapana, bado mubaya. Donc nikikuandikia, soma polepole." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Keti, Mwalimu. Mutoto analala. Ni usingizi wake wa kwanza wa kweli. Sasa uniambie: ilianza lini?"

"Majuma matatu yaliyopita."

Anne-Marie, aliyeketi pembeni, aliweka kikombe chini.

"Mwalimu."

"Labda manne."

"Mwalimu, sema kweli. Ni mwezi wa pili. Barua ya kwanza ya malaria iko na tarehe."

Henri alinitazama juu ya miwani yake. Sijui kama kuna mwanafunzi aliyepata kunitazama hivyo.

"Miezi ine," akasema. "Hakulale, hakuoge, aliogopa chakula, alizungumuza na ukuta. Ulifikiri ni nini?"

"Nilifikiri ni kiburi."

"Na kama mukono wake ungevunjika, ungeandika malaria?"

Niligeukia mlango wa chumba alimolala Providence.

"Mwalimu, hii ni ugonjwa," akaendelea kwa upole ulionichoma kuliko fimbo. "Iko na jina, iko na dawa, inaomba wakati. Anasikia sauti zenye siye hatusikie. Zinamuambia makosa yote ya dunia ni yake. Zilimuambia akikula ule mukate, batu batakufa. Mutoto wako hakukataa Meza. Alikuwa anachunga maisha ya batu."

Niwaambie kweli, hapo nilitaka kutoka nje. Badala yake nikauliza.

"Atapona?"

"Atasaidika. Wengine banapona kabisa, wengine banaishi na dawa na bako sawa. Mungelimuleta mwezi wa pili, ingekuwa rahisi. Lakini iko jambo moja lenye dawa yangu haiweze." Akatoa simu yake, akaiweka mezani. "Ile video imefika huku. Mulinzi wetu njo alinionyesha. Akirudi Beni vile, batamuua."

Nikasema nitalishughulikia. Nikaomba karatasi. Nikaketi chini ya dirisha, nikamwandikia Mchungaji Ésaïe barua ya kusomwa kanisani, kwa Kiswahili safi, aya nne. Nilipoimaliza, Mama Jephté aliyekuwa akirudi kutoka bombani aliichukua mkononi mwangu bila kuomba ruhusa. Akasoma. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"'Malaria iliyompanda kichwani'? Tena malaria? Directeur, hii malaria yako haichokake?"

"Mama Jephté, uelewe. Yule ni msichana. Nikisema neno lenyewe, nani atamwoa? Na kaka zake? Na nyumba yangu?"

"Jephté iko na bibi na mapacha. Nani alimukataa? Ni wee tu."

"Unataka nini kwangu?"

"Mi hapana kuomba kitu yako. Simama pale ulinisimamisha. Sema ugonjwa kwa jina yake."

"Na kiti changu cha mzee?"

Ninaandika swali hilo hapa kwa sababu niliahidi kuandika yote. Binti yangu alikuwa amelala chumba cha pili, na mimi niliuliza habari za kiti.

Mama Jephté alinirudishia karatasi.

"Kiti kitapata mutu mwingine," akasema. "Providence atapata baba wapi?"

Usiku ule sikulala, na si kwa ajili ya maneno yake tu. Maneno ya mke wangu yalinirudia: barua ya kwanza iko na tarehe. Nilijaribu kuikumbuka tarehe hiyo. Nilipoikumbuka, niliketi kitandani.

Jumamosi nilikuwa Beni, katika ofisi ya shule yake, nikiomba barua zangu tatu. Jumapili nilikwenda kanisani nimezitia katika mfuko wa koti.

Sikukaa katika kiti cha wazee. Nilisimama mahali aliposimama Providence. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimewatazama watu mahali pale kutoka kitini mwangu. Sikujua kwamba kutoka pale mtu huona kila uso.

"Ndugu zangu," nikasema, "binti yangu ana ugonjwa wa akili."

Kanisa likavuma.

"Ni mgonjwa tangu mwezi wa pili. Niliona, nikaficha. Mama yake aliniambia, nikamnyamazisha. Kisha nikamleta hapa aungame dhambi ambayo hakuitenda, kwa sababu niliona afadhali niitwe baba wa mwenye dhambi kuliko baba wa mgonjwa."

Sadrack alikuwa amekwisha kusimama.

"Directeur, mi nakuheshimu. Ulifundisha batoto bangu. Mais kila baba anafunika mutoto wake. Tujue je kama husemi uongo?"

"Nilisema uongo," nikamjibu. "Huu hapa."

Nikatoa barua ya kwanza. Nikaisoma kwa sauti: kwamba mwanafunzi Providence amelala kitandani kwa malaria, hawezi kutoka nyumbani, na chini muhuri wa shule iliyoipokea, na tarehe. Tarehe tisa, mwezi wa pili.

Sadrack alikuja mbele. Aliichukua karatasi. Si msomaji mwepesi. Alifuata mistari kwa kidole mpaka kwenye tarehe, na kidole chake kikakaa hapo.

"Siku hii," akasema.

"Siku hiyo."

"Alikuwa kwako?"

"Toka asubuhi mpaka usiku. Malaria ni uongo, lakini kitandani alikuwapo. Nilisimama juu yake nikimfokea aende kuoga. Alikuwa akilia, anasema anasikia watu wanalia mashambani. Nilimwambia anyamaze. Jioni habari ya kakao ikafika mjini, naye tangu hapo anaamini ni yeye."

Sadrack hakuiachia karatasi. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Mutoto alilia bibi yangu," akasema, "na siye tulitaka kumuua."

Akaikunja barua vizuri, akanirudishia. Kisha akamgeukia yule kijana wa simu, aliyeketi benchi la pili. "Na wee, petit. Ile kitu uliichukua, utachukua na hii. Utume kwa bote ulitumia ile." Kijana aliinua simu. Nikarudia kila neno tangu mwanzo, mbele ya simu ile, polepole, kama imla ya darasani.

Nilipomaliza niliomba daftari la nidhamu. Nilifungua ukurasa wa miaka minane iliyopita. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, ulionyooka. Nikasoma, "Ameyaasi maombi ya wazee." Nikapiga mstari juu yake. Mstari ulikwenda upande.

Mchungaji Ésaïe aliinama akasemezana na wazee. Halikuwa neno refu.

"Mama Jephté, uje mbele, mahali pako. Mzee Kasonia ataketi mlangoni. Sheria yetu inasema arudishwe na wazee, lakini hapa wazee hatuna haki. Atarudishwa na Providence, ambaye yeye alimsimamisha bila kosa, siku atakapoweza, kama atataka."

Nikatembea. Kutoka mimbarini mpaka mlangoni kuna benchi ishirini na mbili, sikuwahi kuzihesabu kabla ya siku hiyo. Mama Jephté alikuwa amesimama, anakusanya Biblia yake na mwavuli wake. Tulipopishana alinigusa kiwiko.

"Directeur, kaa mukono wa kuume," akanong'ona. "Mukono wa kushoto iko musumari. Nilikuambiaka miaka tano, hamukuupiga."

Nikaketi mkono wa kushoto. Msumari upo.

Wakati wa wimbo wa mwisho simu yangu ilitikisika mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Anne-Marie, kutoka Butembo:

"Leo ameamka vizuri. Ameoga peke yake, amekula uji kidogo. Anauliza kama Papa iko anasimama bado na ile sahani. Nimuambie nini?"

Nilivaa miwani. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Mwambie nimeiweka chini. Mwambie nimeketi mlangoni, na ni yeye wa kuniinua."

Watu walitoka, wakapita mbele yangu mmoja mmoja. Wengine walinisalimu, wengine waliangalia pembeni. Mlinzi alikuja kufunga madirisha. Mimi nilikuwa ningali nimeketi, simu mkononi, na Providence hakuwa amejibu.